Miezi minne na Concorde ya simuleta: nilichojifunza kwenye paneli ya mafuta

Nimekuwa nikiirusha Concorde hii, ile ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, kwa miezi minne sasa, jioni nyingi na karibu kila Jumamosi. Ni nyongeza ya kulipia, unaipakua na kuiweka ndani ya simuleta yako kuu, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urubani. Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza mbele, na hizo nne nimezitoa karibu zote kwa ajili ya sehemu moja ya ndege: paneli ya mafuta.

Kabla ya hapo mafuta kwangu yalikuwa namba tu. Kwenye Cessna 172, ndege ndogo, kuna kiteuzi cha kuchagua tangi la kushoto, la kulia au yote mawili, basi. Kwenye Boeing 737 nilikutana na vali inayoruhusu injini ya upande mmoja kunywa mafuta ya tangi la upande wa pili. Wengi tunaoanza hudhani vali ile inahamisha mafuta. Haihamishi. Hakuna hata lita moja inayotoka bawa la kushoto kwenda kujaza bawa la kulia. Kinachobadilika ni mahali injini inaponyonya. Ukiona upande mmoja umezidi, unauacha utumike kwanza mpaka pande zilingane.

Concorde inayahamisha kweli, tena kwa tani. Ina matangi 13 yanayobeba jumla ya takriban tani 95. Matangi namba 1 hadi 4 ndiyo yanayolisha injini nne, kila injini na lake, na matangi makubwa ya mabawani kazi yake ni kuyajaza hayo manne muda wote. Halafu kuna matatu ya kusawazisha: namba 9 na 10 yaliyoko mbele, na namba 11 lililoko nyuma kabisa, kuelekea mkiani. Hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niipende ndege hii.

Sababu yake ni hii. Ndege ikivuka kasi ya sauti, kitovu cha nguvu inayoliinua bawa kinasogea nyuma, kwa Concorde karibu mita 2. Uzito ukibaki ulipokuwa, pua inataka kuinama. Ndege nyingine zingetumia bawa dogo la mkiani kuizuia, lakini Concorde hilo haina. Ina elevoni tu, vile vibao vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, na hivyo hivyo ndivyo vinavyoipinda ndege kushoto na kulia. Ukiviacha vimeinuka saa tatu mfululizo ili kushikilia pua, unaburuta hewa na unachoma mafuta ambayo huna ya kuchezea. Kwa hiyo wahandisi wa Uingereza na Ufaransa waliamua kuusogeza uzito wenyewe: tani 20 hivi za mafuta zinapelekwa nyuma wakati wa kuongeza kasi, na zinarudishwa mbele wakati wa kupunguza.

Nyongeza hii imelifanya jambo hilo kwa heshima kubwa. Geji ya kitovu cha uzito inasoma asilimia 53.5 wakati wa kuruka, zikihesabiwa kutoka mbele ya bawa kwenda nyuma, na inatakiwa ifike 59 ukiwa Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti. Pembeni mwa sindano kuna alama mbili za mipaka, ya mbele na ya nyuma, nazo zinatembea kadiri kasi inavyobadilika. Geji ya Mach nayo ina alama zake, zinazokuonyesha kasi ya juu na ya chini unayoruhusiwa kwa kitovu ulicho nacho saa hiyo. Yaani geji mbili zinaongea, na wewe uko katikati ukisikiliza. Nilijaribu kuzidanganya kwa kuhamisha mafuta nje ya utaratibu, nikakuta kila tone linahesabika: tangi la 9 likipungua, la 11 linapanda kwa kiasi kile kile, sindano ya kitovu inasogea taratibu, na elevoni zinarudi zenyewe kukaa sawa. Hapo ndipo nilipoamini kwamba kuna hesabu ya kweli chini ya picha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mhandisi wa ndani ya ndege, aliyekaa nyuma ya rubani msaidizi akitazama ukuta wa geji upande wa kulia. Nyumbani uko peke yako. Nyongeza inakuja na mhandisi wa kompyuta unayeweza kumwachia paneli yote, na kwa safari tatu za kwanza nilimwachia. Nawashauri msimwache zaidi ya hapo. Anafanya kila kitu sawasawa, na ukifika mwisho wa safari hujui kilichotokea nyuma ya kiti chako.

Nilipomzima, nilianza kwa utaratibu huu ambao bado naufuata. Naweka kikomo cha tangi la 11 kabla ya kuruka, ili pampu zisimame zenyewe likifika hapo. Naanza kuhamisha nikiwa karibu na Mach 0.93, kabla sijawasha moto wa ziada wa injini, kwa sababu ukingoja mpaka uvuke kasi ya sauti, sindano inachelewa na mpaka wa mbele unaipita. Tangi la 9 linatangulia, la 10 linafuata. Moto wa ziada nauzima Mach 1.7, na kuanzia hapo ndege inapanda na kuongeza kasi yenyewe, huku mimi nikimalizia zile asilimia za mwisho. Macho yangu hayatoki kwenye matangi 1 hadi 4. Hayo yanatakiwa yabaki karibu kujaa; likianza kushuka moja, ujue halilishwi, na una dakika chache za kutafuta vali iliyofungwa.

Kurudisha mbele ndiko kulikonifundisha kwa uchungu. Nilikuwa natoka London kwenda New York, safari ambayo Concorde ya kweli iliikamilisha kwa saa tatu na nusu hivi. Mwendo ulikuwa mzuri, mafuta yalikuwa ya kutosha, nikavuta mikono ya injini kuanza kupunguza kasi, na mawazo yangu yote yakawa kwenye njia ya kushukia. Kitovu kikabaki 59. Mach 1.6, 1.5, 1.4. Mlio wa onyo ukaanza, nikadhani ni wa kimo. Kitovu cha nguvu ya bawa kilikuwa kinarudi mbele na uzito wangu umebaki mkiani, kwa hiyo pua ikaanza kupanda. Otopailoti ikazishusha elevoni kuizuia mpaka zikafika mwisho wake. Nilipogeukia paneli na kufungua vali za kurudisha mbele, pampu zilianza kazi, ila pampu hazina haraka ya rubani aliyechelewa. Ndege ikanitoka mikononi juu ya Atlantiki.

Kesho yake niliirudia safari ile ile. Tangu hapo, mkono wangu wa kwanza kabla ya kugusa mikono ya injini ni kwenye swichi za mafuta.

Kwa anayetumia skrini moja, tengeneza mionekano mitatu ya kamera na uipe vitufe: mmoja kwa geji za rubani, mmoja kwa safu ya matangi ya kusawazisha, mmoja kwa matangi ya injini. Kuzungusha kamera kwa kipanya ukitafuta swichi wakati Mach inapanda kunachosha, na maandishi ya paneli ni madogo. Joistiki ya kawaida inatosha. Kompyuta yangu ya wastani inaibeba bila kukwama, isipokuwa kwenye viwanja vikubwa.

Sasa nyota niliyoizuia. Kuna hitilafu mbili, na zote zinagusa mafuta. Ya kwanza: ukiongeza mwendo wa muda mara nne ili ufupishe safari, injini zinachoma mafuta mara nne, lakini pampu za kusawazisha zinaendelea kwa mwendo wa kawaida. Ukifanya hivyo wakati wa kuongeza kasi, sindano ya kitovu haiwezi kuufikia mpaka wake hata ufanye nini. Mimi natumia muda wa haraka nikiwa Mach 2 tu, kitovu kimeshatulia, na naurudisha kawaida muda mrefu kabla ya kupunguza kasi.

Ya pili inaniumiza zaidi. Ukihifadhi safari katikati na kuifungua siku nyingine, baadhi ya vali zinafungwa ingawa swichi zake zinaonyesha ziko wazi. Mara ya kwanza niliona tangi la 3 linashuka, kila swichi iko mahali pake, nikahangaika kutafuta kosa langu ambalo halikuwepo. Kwa ndege ambayo thamani yake yote ni kuuamini ule ukuta wa geji, swichi inayosema uongo ni kasoro nzito. Nimewaandikia watengenezaji nikiwaeleza hatua kwa hatua jinsi inavyotokea, na wamekiri kwamba wameiona.

Mpaka irekebishwe, kabla ya kuhifadhi naipiga paneli picha kwa simu. Nikifungua safari tena, nasimamisha muda, nazima na kuwasha kila swichi ya vali moja baada ya nyingine nikilinganisha na picha, kisha naacha muda uendelee na kuyatazama matangi manne ya injini kwa dakika tano kabla ya kugusa kitu kingine chochote.