Vifungio vya sumaku vya kabati: uzoefu wangu nyumbani na mtoto anayetambaa

Niseme mapema kwamba vinafanya kazi na ningevinunua tena. Ila kwenye kabati la chini ya sinki usitegemee gundi peke yake.

Kifungio chenyewe hukaa ndani ya kabati, kwa nje huoni kitu. Ni lachi ndogo ya plastiki, yaani kitasa kidogo, inayojishika yenyewe kila mlango unapofungwa. Ufunguo wake ni sumaku yenye nguvu: unaiweka kwa nje ya mlango usawa wa lachi, unasikia "tik", kisha unavuta. Kabla ya hapo nilikuwa na vile vya kubonyeza kwa kidole, ambavyo huacha mlango ufunguke kidogo kabla ya kukwama. Mwanangu alikuwa akiuvuta, anaingiza vidole kwenye upenyo huo, halafu mlango unamrudia. Hivi vya sumaku haviachi upenyo kabisa, na kwangu hiyo peke yake ilitosha kuhama.

Kuvifunga kunataka subira. Lachi na kishikizo chake visipokutana sawasawa, havishikani, kwa hiyo kile kipimo cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi usikitupe. Futa mbao kwa spiriti, ikauke, bandika, kisha uache gundi ishike kwa muda wote ulioandikwa kwenye maelezo kabla ya kuanza kuvuta mlango. Kwenye makabati makavu gundi imeshika vizuri hadi leo. Chini ya sinki, kwenye unyevu, ilianza kuachia, nikaweka skrubu. Pima kwanza unene wa mlango, skrubu isije ikatokeza upande wa pili. Na kama milango yako ni ya chuma, usihangaike navyo, sumaku haitaifikia lachi.

Kinachonitia wasiwasi ni ile swichi ndogo ya kuzima kifungio. Inasaidia wakati wa kupika au mkiwa na wageni, lakini mtu akiizima na kusahau kuirudisha, kabati liko wazi na kwa nje huwezi kujua. Ndiyo maana dawa ya kuzibua bomba na dawa ya chooni nimezihamishia rafu ya juu kabisa, kifungio kiwepo kisiwepo. Dawa hizo huunguza mdomo na koo, na mtoto akishameza hatapishwi, kwa sababu zikirudi juu zinaunguza mara ya pili. Anapelekwa hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Wengine huniambia vifuniko vya chupa siku hizi ni vya usalama. Kwa kipimo kinachotumika Marekani, kifuniko hufaulu ikiwa angalau asilimia 80 ya watoto wa majaribio, wenye miezi 42 hadi 51, wameshindwa kukifungua ndani ya dakika 10. Maana yake hadi mtoto mmoja kati ya watano anaweza kukifungua na kifuniko bado kikahesabiwa kuwa salama!

Vifungio hivi nimeviweka pia kwenye droo. Moja ina zile betri ndogo za duara, ambazo zikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa mbili tu. Droo zilizofungwa pia hazigeuki ngazi ya kupandia, ingawa kabati refu la nguo bado linatakiwa kukazwa ukutani.

Ufunguo nauweka ubavuni mwa friji, juu, asikofika. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiuweke karibu na kifua. Omba boksi lenye funguo mbili, maana ukiwa na mmoja pekee na ukaupoteza, makabati yote yanakufungia nje.

Kwa waliopanga nyumba: nilipohamisha kifungio kimoja, nilipasha gundi kwa mashine ya kukaushia nywele, nikapitisha uzi nyuma yake taratibu. Mbao iliyopigwa vanishi haikudhurika, ila mlango uliopakwa rangi ulibanduka rangi kidogo.