Qingjiao rousi: miezi mitano ya nyama ya nguruwe Chengdu

Nimekulia Moshi kwenye kitimoto na ndizi, kwa hiyo nilipofika Chengdu, China, kusoma sikuchelewa kuitafuta nyama ya nguruwe. Mgahawa mdogo karibu na bweni letu ndio umekuwa jiko langu kwa miezi mitano sasa.

Nilianza na huiguorou, fahari ya Sichuan, jimbo lenye mji huu wa Chengdu. Nyama huchemshwa kipande kizima, ikipoa hukatwa vipande vyembamba, kisha hurudishwa kwenye karai pamoja na majani ya kitunguu saumu na doubanjiang, ile rojo nyekundu ya maharage na pilipili iliyochachushwa kwa chumvi. Jina lenyewe maana yake ni nyama iliyorudi chunguni. Ni tamu kweli kweli. Ila pale huipika kwa nyama ya tumbo, na gramu 100 za nyama hiyo ikiwa mbichi zina mafuta yapatayo gramu 50 na kalori zaidi ya 500, huku protini haifiki gramu 10. Nikiila mchana, kipindi cha jioni nasinzia.

Siku hizi naagiza qingjiao rousi. Steki isiyo na mafuta hukatwa nyuzi nyuzi, hupakwa wanga kidogo, ikakaangwa na pilipili hoho kwa moto mkali, dakika chache tu imeiva. Steki ya namna hiyo ina protini kama gramu 20 kwa kila gramu 100, na kwa vitamini B1 nyama ya nguruwe inaiacha mbali ya ng'ombe. Hoho nayo inalizidi chungwa kwa vitamini C.

Kilichonishtua ni chumvi. Mama yangu ana presha, kwa hiyo jambo hili nalichunga. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina chumvi ya zaidi ya gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mpishi wa pale hapimi kwa kijiko, anachota kwa upawa! Wiki za mwanzo nilikuwa naamka usiku kwa kiu. Nilipojifunza kusema "shao yan, shao you", yaani chumvi kidogo, mafuta kidogo, alinielewa mara moja, na kiu ile ikaisha. Mchuzi unaobaki chini ya sahani pia nauacha, siumwagii wali.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mafuta, ambayo hata ukiomba yapunguzwe bado yanatuama sahanini.