Boneti haifungi: uzoefu wangu na Hemi 'Cuda ya plastiki

Karibu mwezi mzima usiku wangu umeishia kwenye hili gari dogo la plastiki la kuunga vipande kwa vipande, na boneti haifungi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma.

Ni mfano wa Plymouth 'Cuda ya 1970, gari la Kimarekani, yenye injini ya Hemi (ile yenye vyumba vya kuchomea mafuta vya umbo la nusu tufe), kipimo cha 1 kwa 25. Anayelijua gari hili anajua uhondo wake uko wapi: kile kibomba cha hewa kimefungwa kwenye injini yenyewe, kinachomoza kwenye tundu la boneti, na ukikanyaga mafuta kinatikisika pamoja na injini. Ndiyo maana kikaitwa Shaker. Sasa kwenye boksi nililonunua, pini ya kushoto ya kukalishia injini ni ndefu kuliko ya kulia, tofauti yake kama unene wa kucha. Injini inalalia kulia, Shaker inagonga ukingo wa tundu.

Nimeyajua haya gundi imeshakauka, bodi imeshapigwa rangi ya zambarau mara tatu na kuvishwa kwenye chasisi kwa kupanuliwa huku nimeshika roho mkononi. Nikabonyeza boneti taratibu. Ikalia krr. Ukingo ukachubuka, plastiki nyeupe ikatokeza, kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele kwenye rangi niliyoisugua kwa msasa laini mpaka saa nane za usiku.

Nikapiga simu kwa wenye seti hii ya kuunga. Kijana aliyepokea hakuniacha nimalize. Eti hii ni kazi ya watu wenye uzoefu, eti wengine hawajalalamika. Mbona boksi limeandikwa miaka 10 na kuendelea? Nilipomwomba apime pini mbili tu za boksi moja hapo walipo, akakata simu. Baba yangu alikuwa fundi Gerezani, Dar es Salaam, na mteja akirudi na gari lenye kasoro, kwanza alifungua boneti, maneno baadaye.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba injini yenyewe ni nzuri mno. Kabureta mbili zimechongwa mpaka vibolti vinaonekana. Waya za plagi zinaingia katikati ya vifuniko vya valvu, nne kila upande, kama ilivyo kwenye Hemi halisi. Aliyechonga injini hii aliipenda gari. Aliyechonga mahali pa kuikalisha hakujaribu kufunga boneti hata mara moja. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua: nyota moja, msinunue.

Lakini niseme na la pili. Ninaishi Hamtramck, Michigan. 'Cuda zilitoka mji huu huu, kwenye kiwanda cha Chrysler kilichoitwa Dodge Main, kilichofungwa 1980 kisha kikabomolewa. Jirani yangu, mzee wa Kiyemeni, alifanya kazi humo ujanani, na gari hili nilikuwa namuungia yeye. Nikampelekea hivyo hivyo, boneti mkononi, naona aibu.

"Ammi, boneti imenishinda," nikamwambia.

Akavaa miwani, akaligeuza, akachungulia injini kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "kwetu hili lisingetoka mlangoni." Kisha akaweka kidole juu ya Shaker, akaitikisa kidogo, akaanza kunieleza jinsi bodi zilivyokuwa zikiteremka kutoka ghorofa za juu. Miaka yote ya ujirani hakuwahi kuniambia habari za kiwanda. Tulikaa mpaka adhana ya Isha.

Gari liko kwake sasa, kando ya televisheni, boneti imeegemezwa kwenye bampa. Amekataa nilichukue kulirekebisha.

Nyota moja inabaki, kwa ajili ya ile pini na ile simu. Nimeshaagiza boksi la pili. Safari hii nakata pini ya kushoto kabla ya kugusa gundi, na boneti naijaribisha kabla ya rangi.