Cairo: mtaala wa Uingereza au Thanaweya Amma (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Misri)?
Wazazi wenzangu, shule ya kimataifa ya mtaala wa Uingereza mtoto anafanya IGCSE (mtihani wa kama miaka 16) halafu A level (wa kuingilia chuo kikuu), mitihani ina misimu zaidi ya mmoja kwa mwaka kwa hiyo akiteleza somo moja analirudia, ila ada jamani! Na watoto wa Kimisri hata huko lazima wasome Kiarabu, dini na maarifa ya jamii, wizara ndo inataka hivo.

Shule ya serikali nafuu sana, Kiarabu kinakolea, lakini alama za Thanaweya Amma ndo zinaamua mtoto aingie kitivo gani, presha inabeba nyumba nzima na tuisheni juu. Mi ningeenda ya kimataifa, ila ile inayofundisha Kiarabu kwa moyo kweli.