Nilinunua dola ya Morgan ya 2021 kabla haijapimwa: uzoefu wangu

Binti yangu alizaliwa Machi 2021, na nilitaka awe na sarafu ya fedha ya mwaka wake. Bahati nzuri mwaka huohuo Marekani waliirudisha dola ya Morgan, miaka 100 tangu ile ya mwisho ya 1921. Niliipenda yenye herufi ndogo CC, kumbukumbu ya kiwanda cha sarafu cha Carson City kule Nevada, ingawa yenyewe imetengenezwa Philadelphia. US Mint, shirika la serikali ya Marekani linalotengeneza sarafu, waliiuza dola 85 mwezi Mei. Tovuti ikaelemewa na watu, mimi nikiwemo, na mpaka ukurasa unafunguka sarafu zilikuwa zimekwisha.

Tarehe 3 Juni nikakuta duka moja la mtandaoni linaitangaza: imepimwa na PCGS, kampuni inayokagua sarafu na kuzipa daraja la ubora, daraja MS70, la juu kabisa, lebo ya First Strike, dola 289. Kwa maandishi madogo wameandika kwamba ni oda ya mapema, mzigo utatoka Novemba. Nikalipa kwa PayPal usiku uleule.

Sasa fikiria nilichonunua. US Mint wenyewe walianza kuzituma sarafu hizo Oktoba. Kwa hiyo mwezi Juni yule muuzaji hakuwa na sarafu mkononi, na PCGS walikuwa hawajaiona hata moja. Kipimo chao kinaanzia 1 hadi 70. Muuzaji hupeleka mzigo wa sarafu nyingi, nyingine zinarudi na 70, nyingine 69, na hakuna anayejua mapema zitakuwa ngapi. Picha niliyoona ilikuwa ya mfano. Namba ya cheti, ambayo kwa kawaida unaiingiza kwenye tovuti ya PCGS kuhakikisha kasha la plastiki wanalofungia sarafu si la kughushi, haikuwepo, kwa sababu cheti chenyewe hakikuwepo. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hata hiyo First Strike wengi tunaielewa vibaya: haimaanishi sarafu iliyogongwa mwanzo, inamaanisha iliwafikia PCGS ndani ya siku 30 tangu itoke.

Bei nayo haimwachi mnunuzi salama. Jamaa yangu wa Dallas aliweka oda kama yangu kwa muuzaji mwingine, bei ikapanda, akatumiwa ujumbe kwamba mzigo haukutosha, chukua hela yako. Ingeshuka, naamini wangemletea bila kuchelewa.

Bahasha yangu ilifika tarehe 24 Novemba. Imefungwa vizuri, nawapongeza kwa hilo. Kasha safi, lebo ya First Strike ipo, lakini namba iliyoandikwa ni MS69. Nikaipeleka dirishani nikaishika chini ya kioo cha kukuzia. Kwa muda mrefu sikuona kitu. Halafu nikaigeuza kidogo mwanga uipige kwa pembeni, na pale shavuni kwa mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu kukatokea mkwaruzo mwembamba kama unywele wa mtoto. Kwa macho matupu usingeuona kamwe. Lakini tofauti ya bei kati ya 69 na 70 ndiyo niliyoilipia.

Nikawaandikia. Wakajibu kwamba masharti yanawaruhusu kutuma “daraja la karibu”, na wakanipa dola 40 za kununulia tena dukani kwao. Hapo nikaenda kusoma masharti ya PayPal, na moyo ukanidunda: wakati ule ulikuwa na siku 180 za kufungua malalamiko, na zilihesabiwa tangu siku uliyolipa, si siku mzigo ulipofika. Zangu zilikuwa zinaisha tarehe 30 Novemba. Zimebaki siku sita! Mzigo ungechelewa wiki moja tu, mlango ungekuwa umefungwa. Hili ndilo linaloniuma zaidi kuhusu oda za mapema: miezi unayosubiri ndiyo inayokula ulinzi wako.

Nilifungua malalamiko siku ileile, nikaambatanisha picha ya lebo na ya tangazo lao. Nikairudisha sarafu kwa posta yenye bima, dola 18 kutoka mfukoni mwangu, na hela yangu ikarudi kabla ya Krismasi.

Walioko Marekani wajue pia kwamba sheria ya FTC, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, inamtaka muuzaji atume ndani ya muda aliouahidi. Asipoweza, lazima akujulishe na akupe nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa hela yako. Walioko Dar au Mombasa wanaopitishia mizigo kwa wakala, nawasihi mwe waangalifu mara mbili. Ulinzi wa eBay hauifuati bidhaa ikishatumwa tena kwenda anwani nyingine, na kuirudisha kutoka nyumbani ni gharama na wiki kadhaa.

Kwa lile duka natoa nyota mbili kati ya tano. Huduma ya kuuziwa daraja ambalo bado halijatolewa siirudii tena.

Februari 2022 nilimpata muuzaji aliyepiga picha sarafu yake mwenyewe, mbele na nyuma, na namba ya cheti inasomeka. Nikaiingiza namba kwenye tovuti ya PCGS, ikatokea: Morgan 2021, CC, MS70. Ndipo nikalipa. Ilifika baada ya siku nne. Iko kwenye kabati pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti yangu.