Safari za meli za mtoni ughaibuni: uliza maji kabla hujauliza bei

Mwezi huu simu yangu imejaa malalamiko ya aina moja. Kuna kikundi cha akina mama wa hapa Dodoma, wengi wao wastaafu wa wizarani. Walichanga kwenye kikoba chao mpaka hela ikatosha, wakamlipa wakala wa Dar, wakapanda ndege kwenda kuuona mto Rhine kwa meli. Picha walizonitumia ni za basi. Basi liko barabarani, basi limeegeshwa kituo cha mafuta, na mama mmoja aliyeshonesha kitenge kipya kwa ajili ya melini amesinzia, shavu kwenye kioo. Meli waliipanda, ndiyo. Katikati ya safari maji yakawa hayatoshi, wakashushwa na mabegi yao, kipande kitamu chote wakakipita kwa barabara kuu. Hela haikurudi hata senti.

Waliniuliza kama wametapeliwa. Nikaomba mkataba, nikausoma. Hawakutapeliwa. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kutafutia miwani, imeandikwa kwamba kampuni inaweza kubadili ratiba, kubadili meli, au kutumia basi na hoteli pale hali ya mto itakapolazimu, na mteja hatadai fidia. Kifungu hicho, kwa maneno haya au yale, utakikuta karibu kila kampuni. Wakala alikuwa nacho mezani na hakukigusa. Aliongelea kifungua kinywa.

Kwa hiyo leo sitagusa chakula, vitanda wala idadi ya nyota. Hayo yamo kwenye kila brosha. Nazipanga safari hizi kwa kigezo kimoja tu: je, mto utakuwa na maji siku utakayofika?

Ajabu ni kwamba sisi ndio tungepaswa kuliuliza hilo wa kwanza. Aliyekulia huku anajua mto unaweza kuwa mchanga mtupu karibu nusu mwaka, watu wakachimba visima ndani yake na ng'ombe wakavuka bila kulowa kwato. Lakini ukitajwa mto wa Ulaya tunadhani maji yake yana mshahara wa kila mwezi.

Chukua huo Rhine. Kuna mji mdogo Ujerumani unaitwa Kaub, na hapo ndipo penye kina kifupi kwenye sehemu ya kati ya mto. Pana kipimo cha maji ambacho wenye meli hukitazama kila kukicha. Meli za mizigo zinataka kisome kama mita moja na nusu ndipo zijaze shehena. Oktoba 2018 kilisoma sentimita 25. Agosti 2022 kikashuka tena mpaka sentimita thelathini na kitu. Kipimo hicho hakianzi kuhesabu kwenye tope la chini, kwa hiyo usidhani mtoto angevuka kwa miguu, ila meli ya urefu wa mita 135 haiwezi kubahatisha mahali kama hapo. Ubaya wenyewe ni kwamba Kaub iko katikati ya bonde la ngome za kale, kati ya Bingen na Koblenz, lile ambalo UNESCO iliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2002. Yaani kilichokutoa Dodoma ndicho kinachokwama kwanza.

Mwezi wa kusafiri ndio unaoamua mambo. Theluji ya milima ya Alps inayeyuka kuanzia Aprili na kuendelea, kwa hiyo Mei, Juni na mwanzo wa Julai Rhine huwa na maji ya kutosha. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mto unaitegemea zaidi mvua, na mvua ikigoma, unajua mwenyewe. Maji yakizidi nayo ni kesi nyingine, maana meli haipiti chini ya madaraja. Juni 2013 mto Danube ulifurika pale Passau, Ujerumani, mpaka kipimo kikasoma karibu mita 13. Hata hivyo, mafuriko hupita upesi kuliko ukame. Wajerumani wana tovuti ya serikali inaitwa ELWIS inayoonyesha usomaji wa vipimo hivi bure. Ingia mwenyewe, usimngoje wakala.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni Nile, kule Misri, kutoka Luxor hadi Aswan au kinyume chake. Hapa sina mjadala na mtu. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na tangu hapo maji yanayoshuka ni yale yanayofunguliwa kwa mpango. Hakuna cha kusubiri mvua. Safari ni fupi, kwa kawaida siku tatu au nne za kulala melini, na haikumalizii kiinua mgongo chote. Unaona mahekalu ya kale ya Karnak, Edfu, Kom Ombo na Philae, na karibu yote yako jirani na ukingo, kwa hiyo magoti hayateseki sana. Watanzania tunapenda kujigamba kwamba maji hayo yametoka kwetu Mwanza. Yamo, lakini sehemu kubwa inayofika Misri inatoka milima ya Ethiopia, basi tujigambe kwa sauti ya chini.

Kitu kimoja cha kukitegemea huko: pale Esna meli zinapanga foleni kupita kwenye lango la maji, ile milango inayofunga meli ndani ya kisima na kuishusha au kuipandisha. Wakati mnasubiri, wachuuzi wanakuja na vimashua na kurusha nguo mpaka sitaha ya juu, kanzu na shali zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, puu, inakuangukia miguuni. Bei mnapigiana kelele. Ukikubali unaweka hela kwenye mfuko unarusha chini. Ukikataa unarusha nguo. Ni kama wachuuzi wa Dumila kwenye madirisha ya mabasi, ila hapa bidhaa inatua kwanza, maelewano baadaye. Wengi huwa wamenunua kabla hawajakumbuka kwamba walikuwa wanabana matumizi.

Kasoro yake: bandarini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, hata nne au tano. Dirisha lako linaweza kutazamana na dirisha la Mwitaliano anayepiga mswaki. Chumba cha ghorofa ya juu hakikuepushi na hilo, kwa hiyo usikubali kuongeza hela nyingi kwa ajili ya "mandhari ya mto".

Ya pili ni Douro, kule Ureno, unaanzia Porto. Mto huu umewekewa mabwawa matano yenye malango ya meli, kina kinatunzwa, na lile la Carrapatelo peke yake linainua meli kama mita 35. Meli hazisafiri usiku, kwa hiyo kila kitu unakiona kwa macho yako. Na jamani, sisi watu wa zabibu! Mtu wa Hombolo au Mpunguzi akiona mizabibu iliyopandwa kwenye ngazi za mawe mlima mzima, atapiga maswali mpaka kiongozi wa msafara achoke. Epuka majira yao ya baridi tu, mvua zikiwa nyingi mto hufurika.

Ya tatu ni Danube ya juu, lakini ianzie Passau na kuishia Budapest. Soma vizuri hapo. Ukiambiwa inaanzia Nuremberg au Regensburg, kataa, kwa sababu kati ya Straubing na Vilshofen pana kipande cha karibu kilomita 70 kisicho na mabwawa, na hapo ndipo meli hukwama ukame ukiingia. Kutoka Passau unapita Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria, zote ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Zile zinazoteremka zaidi zinaingia Serbia, ambayo haimo Schengen, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja itakuletea maneno.

Ya nne ni Rhine, Basel hadi Amsterdam, na iwe Mei au Juni. Wakala akikwambia Oktoba ni nzuri "kwa sababu hakuna joto", mwache na Oktoba yake.

Zile za wiki mbili, Amsterdam mpaka Budapest, sizipangi kabisa. Zinapita kwenye mfereji uliofunguliwa mwaka 1992 kuunganisha njia ya Rhine na Danube. Kazi nzuri ya mikono ya watu, lakini unalipia kukutana na Kaub na Straubing kwenye safari moja.

Ya mwisho kabisa ni Elbe, kati ya Ujerumani na Cheki. Pale Děčín mtoni kuna jiwe ambalo huonekana maji yakipungua sana, na wenyeji waliichonga juu yake miaka ya ukame, 1616 ukiwemo, pamoja na maneno: "Ukiniona, lia." Ukame kwao ulimaanisha njaa. Mto wenye onyo kama hilo, bado kuna watu wanauuzia tiketi.

Kampuni? Mimi ni shabiki wa Viking, sifichi. Si kwa sababu ya mapambo. Wana meli nyingi mno zilizofanana kama mapacha, zile wanazoziita Longships, za abiria 190. Kipande cha mto kikikauka, wanachofanya mara nyingi ni kukuvusha kwa basi mpaka upande wa pili ambako meli nyingine ya aina ileile inasubiri, unaingia chumba kama kile ulichotoka na safari inaendelea. Kampuni yenye meli mbili tatu itakupeleka hotelini. Wana meli Nile na Douro pia. Hawapokei aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo anayetaka kwenda na wajukuu atafute kwingine. Na ofa zao nyingi hudai hela yote mapema mno, jambo ambalo kwetu sisi wenye kuomba viza ni mtihani, nalifikia sasa hivi.

Kwa mwenye bajeti ndogo: TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, basi mpaka Livingstone, boti ya jioni juu ya Zambezi. Usiende Oktoba wala Novemba, upande wa Zambia maporomoko ya Victoria hubaki mwamba.

Sasa hawa wauzaji. Nilimpigia mmoja nikajifanya mteja, nikamuuliza, "Maji yakipungua Kaub mtatufanyia nini?" Akanyamaza kidogo, halafu: "Mama, ondoa shaka, ule ni mto mkubwa." Nikauliza jina la meli. Hana. Nikauliza kampuni yenye meli. "Ni washirika wetu wa Ulaya." Mtu anataka mamilioni yako na hajui unapanda chombo gani! Wakala asiyekutajia meli kwa jina, usimpe hata kianzio.

Halafu bei. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kudai bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni, lakini bado unatajiwa dola, kisha unabadilishiwa kwa kiwango ambacho hakipo benki yoyote hapa mjini. Na hiyo bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala pamoja. Mjane au mama anayesafiri peke yake anaongezewa gharama ya chumba, wakati mwingine mpaka karibu mara mbili, na anaambiwa baada ya kulipa. Kwenye kikundi chenu pangeni wenzi wa chumba kabla ya kuomba bei. Anayekoroma ajitaje mapema.

Viza ya Schengen huwezi kuiomba zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Alama za vidole ni Dar, ingawa SGR imetupunguzia adha, unaenda na kurudi siku hiyohiyo. Sasa wakala anayetaka hela yote mwaka mzima kabla, ilhali ubalozi bado haujafungua hata bahasha yako, nani anabeba hasara viza ikikataliwa? Wewe. Mwambie aandike: kianzio kiasi gani, salio lini, viza ikikataliwa kinarudi nini na ndani ya siku ngapi. Akisema "tutaelewana tu", hapo hamjaelewana.

Na risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi, yenye jina lako. Wale akina mama wana karatasi ya daftari yenye muhuri.