Nyota tatu kwa programu iliyonifundisha poka

Sisi Wakenya hudhani tunaijua poka. Tunaokoteshana kwa mbili na tatu, J inaruka mtu, na ukikaribia kumaliza unatangaza "niko kadi". Niliipakua programu hii ya Texas Hold'em nikiwa na kiburi hichohicho. Dakika kumi zilitosha kunionyesha kwamba michezo hii miwili imeshiriki jina tu.

Mafunzo yake ni mazuri, sina neno. Unagawiwa karata mbili za siri, kisha tano zinafunuliwa katikati: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Siku tatu nzima niliamini kwamba tano zinazofuatana zinashinda tano za kopa tupu. Kumbe ni kinyume, na nilishaliwa mara kadhaa kabla ya kukubali.

Kinachonifurahisha zaidi ni mshauri anayejitokeza baada ya kila mchezo. Kuna jioni, nikiwa kwenye matatu, nilishika A na 9 za kopa. Mezani zikaja kopa mbili na K ya shupaza, nikawa nangoja kopa moja tu. Karata ya nne haikuwa yenyewe. Ili niendelee nilitakiwa kutoa 500 kugombania 1,500. Nikatoa, nikaliwa. Mshauri akanipigia hesabu: kopa 9 zimebaki kati ya karata 46 nisizoziona, yaani haifiki hata moja kwa tano, ilhali bei ile ilidai angalau moja kwa nne. Nilipitiliza kituo nikiisoma tena.

Balaa ni kucheza na watu. Sarafu ni za bure na hujazwa kila baada ya saa chache, kwa hiyo hakuna anayejitoa. Mtu anasukuma zote akiwa na 7 na 2, karata hafifu kabisa. Utamtisha na nini? Halafu saa tano usiku simu inalia: nunua sarafu, ofa inaisha. Nimezima arifa zote.

Siku hizi Jumapili tunacheza nyumbani kwa maharagwe, hamsini kila mmoja, na wa kwanza kuishiwa anaosha sufuria ya ugali. Juzi binamu yangu alisukuma yake yote. Nilikuwa na jozi ya K, nikaogopa, nikaweka karata chini. Nilipomwuliza alishika nini, alizirudisha kwenye fungu na kuanza kuchanga.